Sare, Upatu na Dola za Kutunza: Sherehe ya Wanigeria wa London Inafanya Kazi Gani?

Kadi inasema saa kumi na moja jioni. Ukifika saa hiyo utawakuta wapambaji bado wanavisha viti vitambaa na fundi mitambo anahangaika na waya wa spika, na mwenye shughuli yuko kwake, anafungwa kilemba. Ukumbi uko nyuma ya Old Kent Road, kusini-mashariki mwa London, kati ya gereji ya matairi na bohari lililogeuzwa kanisa. Saa tatu usiku ndipo magari yanaanza kubanana, na akina mama wanaingia makundi makundi, lesi za rangi moja, vilemba vimesimama kama matanga ya jahazi. Anayesherehekewa ni muuguzi mstaafu aliyetimiza miaka 60. Nusu ya waalikwa wametoka zamu za hospitali, nyumba za wazee, mabasi na maghala, na Jumatatu alfajiri watarudi hukohuko.

Sherehe ya namna hii Wayoruba, kabila kubwa la Nigeria, huiita owambe, na mwaka mzima haipiti Jumamosi bila mtaa fulani wa London kuwa nayo. Swali linaloizunguka nalo halikauki. Waingereza huliuliza, watoto waliozaliwa huko huwauliza wazazi wao, hata sisi huku huuliza, kana kwamba kamati zetu za harusi hazijulikani: watu wanaobeba maboksi wanapata wapi hela ya haya yote, na kwa nini wasiiweke benki? Jibu la haraka ni kwamba Wanigeria wanapenda ufahari. Si uongo. Ila ukiishia hapo umeona kilemba tu, kichwa hujakiona.

Kwanza tulipunguze neno lenyewe. "Mnigeria wa ughaibuni" hayuko mmoja. Nigeria ina lugha zaidi ya 500, na kila njia ya kutokea imewapeleka watu wa aina yake. Sensa ya mwaka 2021 ya England na Wales ilihesabu watu zaidi ya 270,000 waliozaliwa Nigeria, na watoto wao waliozaliwa Uingereza hawamo katika hesabu hiyo. London, wanaoonekana zaidi ni Wayoruba, hasa Peckham, mtaa ambao wengi wamezoea kuuita Lagos Ndogo: kwenye barabara ya Rye Lane utapata viazi vikuu, ndizi mzuzu na samaki mkavu wa Norway kabla hujapata gazeti. Houston, mji wa mafuta huko Texas, una Waigbo wengi. Italia wengi wametoka Benin City, jimbo la Edo, na maisha yao huko ni habari nyingine kabisa. Mengi ya hapa chini ni ya Wayoruba wa London. Nikihamia kwa Waigbo nitasema.

Walianza kufika kama wanafunzi. Umoja wa Wanafunzi wa Afrika Magharibi, WASU, ulianzishwa London mwaka 1925, na Kwame Nkrumah alikuwa mmoja wa viongozi wake miaka ya 1940. Baadaye kikaja kizazi cha uhuru wa 1960, kikaja cha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Biafra, 1967 hadi 1970, kikaja cha bei ya mafuta ilipoporomoka miaka ya 1980. Cha sasa kimejipa jina lake chenyewe: japa, neno la Kiyoruba lenye maana ya kutimka, ambalo kamusi ya Oxford ililiingiza Januari 2025. Sisi tuna kuzamia na kujilipua. Tofauti ni kwamba kuzamia kunanuka chumvi ya meli na kukosa karatasi, lakini japa hulisema hata daktari bingwa mwenye viza mkononi.

Turudi ukumbini, tuanze na nguo. Sare hizo zinaitwa aso ebi, yaani nguo ya ukoo. Miezi mitatu kabla, ujumbe unaingia kwenye kundi la WhatsApp: rangi, bei ya yadi tano, akaunti ya kulipia, siku ya mwisho. Ndugu wa mwenye shughuli wanapewa rangi moja, wa kanisani nyingine, wa kazini nyingine, kiasi kwamba ukiingia unaweza kusoma nani ni wa nani kabla hujaambiwa jina. Bei ya kitambaa huwa imepandishwa kidogo juu ya bei ya dukani, na kila mtu anajua, na hakuna anayelalamika kwa sauti. Ziada hiyo ndiyo inayosaidia ukumbi na wali. Aliyewahi kukabidhiwa kadi ya mchango yenye singo na dabo hatashangaa. Sisi tunachanga kwa kadi, wao kwa kitambaa, halafu kitambaa kinabaki kabatini kama risiti. Miaka kumi baadaye mtu anafungua kabati na kusema: hii kijani ni ya Mama Tunde, alipozika, hii ya zambarau ni harusi iliyovunjika.

Kitambaa chenyewe kimesafiri kuliko mvaaji. Lesi za fahari nyingi hutariziwa kwa mashine huko Lustenau, mji mdogo wa jimbo la Vorarlberg nchini Austria, ambako viwanda vimekuwa vikiwashonea Wanigeria tangu miaka ya 1960. Vitenge vya nta vyenye jina kubwa vinatoka Helmond, Uholanzi, kwenye kampuni ya Vlisco iliyoanza mwaka 1846, na ufundi huo uliigwa kutoka batiki za Java. Kwa hiyo "nguo ya ukoo" inaweza kutoka Austria, ikalipiwa kwa pauni, ikashonwa Lagos na fundi aliyetumiwa vipimo kwa simu. Fundi naye ni fundi, Lagos kama Kariakoo. Ijumaa usiku, mafundi wa Peckham hawalali: wanapanua makwapa yaliyobana na kuteremsha pindo zilizopanda.

Halafu hela. Saa nne na nusu bendi imechangamka, na mpigaji wa gangan amemkaribia mwenye shughuli. Gangan ni ngoma yenye kiuno chembamba na kamba pembeni. Inabanwa kwapani ili sauti ipande na kushuka. Kiyoruba ni lugha ya toni, zipo tatu, na toni ikibadilika maana inabadilika. Mpigaji hodari basi anaweza kutamka sentensi nzima kwa ngozi na kamba, bila kufungua kinywa. Anachotamka hapa ni oriki, yaani sifa za ukoo: jina la mama huyu, la baba yake, la mji wao, na misemo ambayo bibi zake walibembelezewa. Ukilisikia jina la babu yako likitoka kwenye ngoma, nyuma ya gereji ya matairi, mkono unaingia mfukoni wenyewe. Watu wanasogea wakicheza na kumbandika noti kwenye paji la uso, moja moja, taratibu. Sisi tuna neno la jambo hili, kutunza, na atakayelielewa upesi kuliko wote ni shabiki wa taarabu.

Kuna kikwazo kidogo cha kiufundi. Noti ndogo kuliko zote ya Benki Kuu ya Uingereza ni ya pauni 5. Ya pauni 1 iliondolewa mwaka 1988. Kutunza noti moja moja kwa pauni tano ni kujifilisi kabla wimbo haujaisha. Ndiyo maana utakuta mtu ameketi pembeni na mabunda ya dola moja moja za Kimarekani: unampa pauni, anakupa bunda, na yeye anabaki na chake kidogo. Nyuma ya mama wapo dada wawili wenye mfuko, kazi yao kuokota. Na hapa pana kichekesho, kwamba huko Nigeria kwenyewe kumtunza mtu kwa noti za naira ni kosa. Sheria ya Benki Kuu ya mwaka 2007 inataja kifungo kisichopungua miezi 6 au faini isiyopungua naira 50,000, au vyote viwili, na Aprili 2024 mahakama ya Lagos ilimfunga nyota mmoja wa mitandaoni miezi 6 kwa kosa hilo. Desturi ya Lagos ina uhuru zaidi London kuliko Lagos.

Mtu muhimu kuliko wote hachezi. Amekaa meza ya kona, anakula taratibu, na ndiye mwekahazina wa esusu. Wengine huiita ajo, Wahausa huiita adashi, na sisi tunaijua kama upatu au mchezo. Tuseme watu 10, kila mmoja pauni 500 kwa mwezi, na kila mwezi mmoja anaondoka na 5,000. Riba hakuna wala fomu, na dhamana pekee ni uso wako. Kwa mgeni aliyefika mwaka jana hiyo ndiyo amana ya pango, ndiyo ada ya viza, ndiyo tiketi ya kwenda kumzika baba. Benki haimwoni, kwa sababu hana historia ya mkopo, na historia ya mkopo haipatikani bila mkopo. Watumwa walikwenda na esusu hadi Karibiani, ambako Trinidad bado wanaiita susu. Na mwaka 2018 kijana aliyezaliwa Nigeria na mwenzake walianzisha huko Marekani kampuni waliyoipa jina hilohilo, Esusu, inayowezesha kodi ya nyumba unayolipa kila mwezi kuhesabika kwenye rekodi yako ya mikopo. Kufikia mwaka 2022 ilithaminiwa dola bilioni 1.

Lakini utamjuaje wa kumkabidhi pauni 5,000 mwezi wa kwanza, ukitumaini atalipa miezi tisa inayofuata? Hapo ndipo sherehe inapofanya kazi ambayo mgeni haioni. Umemtazama miaka sita. Alinunua sare hata mwaka alipokuwa amepunguzwa kazi. Alikuja msibani na sufuria yake. Alibaki kufagia wengine walipokuwa wanapiga picha. Owambe ni usaili wa muda mrefu, na kila mtu ukumbini anasaili na kusailiwa. Anayesema hela ya lesi ingewekwa benki hajatambua kwamba anaitazama benki yenyewe ikicheza muziki.

Sasa nihamie kwa Waigbo, maana jambo linalonivutia kuliko yote halimo ukumbini, limo chumbani. Binti akijifungua, mama yake hufunga safari kwenda kumlea, na kazi hiyo ina jina: omugwo. Wenyewe hawaihesabu kuwa msaada. Ni haki ya bibi, na bibi asiyeitwa huona amevunjiwa heshima. Sisi wenye arobaini, tunaojua kumkanda mzazi na kumpa uji wa pilipili manga, hatuhitaji maelezo marefu. Mpeleke bibi huyo Houston. Ndani ya sanduku lake, kati ya vitenge na koti la kuazima, kuna uda, uziza na utazi, viungo na majani yaliyokaushwa, yamefungwa nailoni juu ya nailoni ili yasimsemee uwanja wa ndege. Humo itatoka supu kali ya kutoa jasho, na mzazi atainywa asubuhi na jioni, apende asipende. Maji yanachemshwa, taulo linakamuliwa, tumbo linakandwa. Mume amehamia kwenye kochi na hana usemi.

Kinachofuata hakisimuliwi sana. Sheria ya shirikisho ya Marekani inamlindia mzazi kazi yake kwa wiki 12 bila mshahara, na hata hizo si kila mwajiriwa anazipata. Binti anarudi kazini. Bibi, aliyekuwa malkia wa chumba, anageuka yaya wa kutwa nzima, katika mtaa usio na soko la kutembelea wala jirani wa kugombana naye, ambapo hata kuvuka barabara kunahitaji gari. Mgeni wa viza ya matembezi kwa kawaida hupewa hadi miezi 6. Saa zote hizo bibi ana mtu mmoja tu wa kuzungumza naye, na mtu huyo hajaota meno. Basi anamsemesha Kiigbo: anamwimbia, anamteta mkwewe, anamhesabia vidole. Mtoto wa Houston anaweza kuwa anaitikia Kiigbo akiwa na miezi minane, kisha kikaanza kumtoka siku bibi alipopanda ndege.

Kizazi kilichotangulia hakikupata hata hiyo miezi sita. Kuanzia katikati ya miaka ya 1950, wanafunzi wengi wa Kinigeria waliokuwa Uingereza, mchana darasani na usiku kazini, huku wenye nyumba wakiwakataa Weusi na watoto wao, walikuwa wakitoa matangazo kwenye jarida la Nursery World kutafuta familia za kizungu za kuwalelea watoto kwa malipo. Maelfu ya watoto walikulia hivyo, katika miji midogo ya Kent, Sussex na Essex. Wengine walipendwa. Wengine waliteswa. Wengi walirudishwa kwa wazazi wasiowajua, kwa lugha wasiyoisikia. Wazazi wa Lagos walidhani wanafanya kama nyumbani, ambako mtoto kulelewa na shangazi ni kawaida. Shangazi huyu tu hakuwa na ukoo naye. Siwezi kuthibitisha, lakini nadhani sehemu ya kelele za owambe ya leo inatoka kwenye ukimya ule.

Tumefika kwenye sanaa bila kubadilisha mada. Mtazame alaga, mama anayeendesha sherehe ya mahari ya Kiyoruba. Huwa wawili, mmoja wa kila upande, na hulipwa kwa utani, kwa uimbaji na kwa kumfanya bwana harusi alale kifudifudi mara nyingi kuliko alivyotarajia. London kazi hiyo imekuwa ngumu zaidi. Upande wa pili wa ukumbi unaweza kuwa wa Wajamaika, au Waingereza wa Yorkshire wasiojua wacheke wapi. Alaga anaimba mstari kwa Kiyoruba, anautupia kwa Kiingereza, anaumalizia kwa pijini, Kiingereza cha mitaani cha Nigeria, na bibi kutoka Yorkshire anajikuta amesimama anacheza. Hakuna shule inayofundisha kazi hiyo. Anajifunzia palepale.

Wengine wametoka na sherehe hiyo hadi mbali. Adejoké Bakare, aliyekulia Kaduna, alianza London kwa kupikia watu karamu za kulipia, akafungua mgahawa wake, Chishuru, Brixton mwaka 2020, na Februari 2024 akapata nyota ya Michelin, tuzo kubwa ya migahawa, mwanamke Mweusi wa kwanza Uingereza kuipata. Yinka Shonibare, msanii aliyezaliwa London na kukulia Lagos, alikwenda soko la Brixton kununua vitenge vilevile vya nta, akawavisha masanamu yasiyo na vichwa mavazi ya mabwana wa Kiingereza wa zamani. Mwaka 2010 aliweka mfano wa meli ya Nelson, kamanda maarufu wa jeshi la majini la Uingereza, ndani ya chupa kubwa pale uwanja wa Trafalgar Square, London, matanga yake yakiwa ya nguo hizo.

Buchi Emecheta, mwandishi wa riwaya, ni habari ya namna nyingine. Alifika London mwaka 1962 kumfuata mume, akiwa na watoto wawili. Miaka michache baadaye mume alimchomea mswada wake wa kwanza. Akaondoka, ana miaka 22, watoto wanne na mimba ya wa tano, akapata kazi maktaba, akasomea sosholojia, na akawa anaandika alfajiri kabla nyumba haijaamka. Maandishi yake ya mwanzo yalitoka kwenye jarida la New Statesman: foleni za ustawi wa jamii, majirani wa nyumba za halmashauri. Kwake yeye jamaa wa Kinigeria hawakuwa mto wa kuegemea. Wengi walimlaumu. Ni vizuri kumkumbuka mtu anapousifu mno umoja huu.

Maana umoja una gharama. Wapo wanaozima simu msimu wa harusi. Wapo wanaonunua sare tatu kwa mwezi mmoja na kulipa umeme kwa mkopo. Nyumbani nako kunasubiri: Benki ya Dunia huhesabu takriban dola bilioni 20 kwa mwaka zinazotumwa Nigeria kutoka nje. Kisha Juni 2023 naira iliachiwa ielee sokoni. Kutoka takriban 460 kwa dola ikapita 1,500 chini ya mwaka, na mwanafunzi aliyepiga hesabu za karo kwa naira akajikuta shimoni. Tangu Januari 2024 Uingereza imewazuia wanafunzi wengi wa kigeni kuja na wenza na watoto. Kwa waliojapa peke yao, bila mama mkubwa wa kuwaingiza kwenye upatu, mlango wa kwanza ni kanisa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Roehampton wa mwaka 2013 ulikuta makanisa 240 yenye waumini wengi Weusi katika wilaya moja tu ya London, Southwark, ileile yenye Peckham. Bohari kando ya ukumbi wetu ni aina hiyohiyo: Jumapili asubuhi kijana mpya atapewa mkono na sahani, na huenda akapewa fimbo ya gangan.

Saa nane usiku taa zinawashwa. Wali wa jollof uliobaki unagawiwa kwenye makopo ya foili, na kila aliyenunua sare anapewa zawadi yake mlangoni: ndoo ndogo ya plastiki, au bakuli, au taulo la jikoni, lenye picha ya mama na maneno "Miaka 60, Mungu ametenda". Njideka Akunyili Crosby, mchoraji aliyezaliwa Enugu na anayeishi Los Angeles, huingiza kwenye michoro yake ya sebule na meza za chai vitambaa vya ukumbusho vya aina hii, vyenye sura za watu. Kwenye jumba la makumbusho vinatazamwa kimya kimya. Peckham, bakuli linaoshewa mchele. Mpangaji mwenzio, Mwingereza au Mtanzania, atakuuliza siku moja huyu mama ni nani, nawe utagundua kwamba hujawahi kuzungumza naye; ulialikwa na rafiki wa binti yake. Simu inalia. Kundi jipya limefunguliwa: rangi ya Aprili ni waridi na dhahabu, yadi tano, mwisho wa kulipa Ijumaa.